Fatibaiki ni nini hasa, na je unaihitaji au umeipendea sura tu

Fatibaiki ni baiskeli ya matairi manene kwelikweli. Tairi lake lina upana wa kuanzia inchi 3.8 hadi karibu inchi 5, wakati baiskeli ya kawaida ya milimani inavaa 2.1 hadi 2.5 hivi. Ringi nazo ni pana, milimita 65 mpaka 100, na fremu na foki (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) zimetanuliwa ili tairi lipite bila kukwaruza, ndo maana huwezi kuchukua baiskeli yako ya zamani ukaivalisha haya matairi, hayaingii. Alafu katikati kuna zile za inchi 2.8 na 3 zinaitwa plasi, watu wanazichanganya sana na fatibaiki lakini ni kitu kingine, na nitazirudia huko chini kwa sababu kwa wengi wanaouliza hili swali zenyewe ndo jibu.

Sasa wengi wanaangalia unene wa tairi wanaishia hapo. Unene ni njia tu, kitu chenyewe ni presha. Tairi nene linakuwezesha kutoa upepo mpaka kiwango ambacho tairi la kawaida lingejigonga kwenye ringi na tyubu ikapasuka palepale. Baiskeli ya milimani inatembea na PSI (kipimo cha presha ya upepo) 20 mpaka 35 kutegemea uzito wako na njia, fatibaiki kwenye njia ngumu inatembea na 8 mpaka 12, kwenye mchanga laini au theluji unashuka 6 au 5 na wazoefu wa theluji wanashuka hata zaidi. Piga hesabu uone inavyofanya kazi: wewe na baiskeli na mizigo tuseme kilo 90, kila gurudumu limebeba 45. Ukijaza PSI 30, tairi linagusa ardhi eneo la sentimita za mraba kama 21 tu, ukishuka mpaka PSI 5 eneo linafika kama 128, yaani mara sita, na uzito ni uleule. Ugumu wa tairi lenyewe unapunguza kidogo hiyo tofauti lakini picha ndo hiyo. Ni unyayo wa ngamia na kwato za mbuzi, mmoja anapita juu ya mchanga mwingine anazama, na baiskeli inayozama unaisukuma kwa mikono.

Kwa hiyo ukinunua fatibaiki ukaijaza upepo mpaka ikawa ngumu kama ya mjini, umenunua uzito bure. Hili nalisema kwa herufi kubwa kabisa kichwani mwangu kila nikiona mtu anapampu mpaka tairi linalia ukiligonga.

Ilikotoka inasaidia kuelewa imetengenezwa kwa ajili gani. Alaska, Marekani, kulikuwa na mbio za baiskeli juu ya theluji zikiitwa Iditabike, zilianza 1987, na watu walikuwa wanazama na matairi ya kawaida, wakaanza kuunganisha ringi mbili ubavu kwa ubavu ili zipatikane pana. Simon Rakower kule Fairbanks, hukohuko Alaska, akatoa ringi za SnowCat za milimita 44, leo hiyo inaonekana nyembamba lakini wakati ule ilikuwa kubwa. Upande wa pili kabisa, New Mexico, jangwani, Ray Molina alikuwa anatafuta jinsi ya kupita kwenye mchanga na akatengenezesha ringi za milimita 82 na matairi ya inchi 3.5. Theluji na mchanga, tatizo moja. Baadae 2005 kampuni ya Surly ikaleta Pugsley, ringi za milimita 65 na tairi la inchi 3.7, na hapo mtu wa kawaida ndo akaanza kuweza kuinunua dukani kama baiskeli nyingine. Kitu kizuri cha ile Pugsley, gurudumu la mbele na la nyuma unaweza kuyabadilishana, kwa hiyo ukiwa mbali na watu habu ya nyuma, ile sehemu ya katikati ya gurudumu, ikagoma unachukua ya mbele unaiweka nyuma unaendelea, ni akili ya watu waliokuwa wanajua kugoma porini ni hatari. Januari 2014 Daniel Burton alifika Ncha ya Kusini kwa fatibaiki, wiki chache baada ya Maria Leijerstam aliyefika Desemba 2013 na baiskeli ya magurudumu matatu yenye matairi manene vilevile. Hiyo ndo kazi ya hiki chombo, ardhi isiyokushika.

Na hapo ndo kwenye swali la kununua au kutonunua. Jiulize ardhi unayopita wiki hadi wiki ikoje, siyo ile unayoota kwenda siku moja. Kama ni mchanga wa ufukweni, mchanga wa njia za ndani ambao baiskeli nyingine inaishia kusukumwa, theluji, changarawe iliyolegea sana, basi hakuna baiskeli nyingine itakayokufikisha na usiwasikilize wanaokucheka. Kama ni lami na njia ya vumbi iliyoshindiliwa, utakuwa unabeba mzigo usio na kazi kila siku, na baada ya muda itakaa ukutani.

Tope nalo watu wanadhani ni nyumbani kwa fatibaiki, hapana, inategemea. Tope laini la kina linalokaa juu kwa juu bila sehemu ngumu chini yake, inakusaidia. Lakini tope jembamba juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba linalikata linafika chini linashika, hili nene linaelea juu yake na kuteleza, na lile tope linalonata ndo baya zaidi maana linajaa kwenye foki na fremu mpaka gurudumu haligeuki.

Gharama za mwili lazima uzijue kabla. Tairi moja lina kilo moja na robo mpaka moja na nusu hivi, karibu mara mbili ya la kawaida, tyubu yake nayo ni nzito, na uzito wa kwenye gurudumu unauhisi kila unapoondoka na kila mlima. Baiskeli nzima nzuri ya alumini inakuja kilo 14 mpaka 16, zile za bei ya chini za chuma zinapita 18 na nyingine zinafika 20. Pedali zimekaa mbali, kwenye baiskeli ya kawaida ya milimani kutoka mguu mpaka mguu ni kama sentimita 17, hapa ni 20 na kuzidi, kwa sababu cheni lazima ipite pembeni ya tairi. Wengi wanazoea, ila mwenye magoti yanayouma au mwenye nyonga nyembamba anaweza asizoee kabisa, na hili haliwezi kusomwa kwenye karatasi, lazima upande uendeshe nusu saa hivi, siyo kuzunguka mbele ya duka mara moja.

Kuna tabia nyingine mbili. Ya kwanza, ukiwa na upepo mdogo kwenye lami usukani unavutwa wenyewe, unakata kona unahisi baiskeli inataka kuendelea kukata, inachosha mikono na mtu mgeni inamtisha, dawa yake ni kuongeza PSI kadhaa ukiingia lami. Ya pili ni kurukaruka: tairi ni springi isiyo na kitu cha kuituliza, kwenye vijiwe vidogo ni raha tupu lakini ukienda kasi kwenye mawimbi ya barabara inaanza kudunda na inazidi kadiri unavyopiga pedali kwa nguvu. Ndo maana wanaosema fatibaiki haihitaji shokapu wako sahihi kwa mwendo wa taratibu tu.

Kwa huyo ambaye njia zake ni mchanganyiko, vumbi, mawe, mchanga kidogo hapa na pale, mimi namwambia aangalie plasi ya inchi 2.8 au 3, au hata ya magurudumu ya inchi 29 yenye tairi la 2.6 bila tyubu. Inapita sehemu nyingi, ni nyepesi, pedali zimekaa kawaida au karibu na kawaida, na spea zake kuzipata ni rahisi zaidi. Siyo kwamba naichukia fatibaiki, naipenda mno, ndo maana sitaki iishie kwa mtu itakayemchosha akaiuza na kuitangaza vibaya.

Haya, umeshaamua ni fatibaiki, sasa ipi. Anza na nafasi kwenye fremu na foki, kabla ya rangi, kabla ya jina. Uliza tairi pana kuliko yote linaloingia ni lipi. Fremu inayoishia inchi 4 inatosha mchanga wa kawaida na theluji iliyokanyagwa, ila kwa theluji mpya ya kina au matuta ya mchanga laini utatamani 4.6 au 5, na fremu haitanuki. Alafu ringi: kwa tairi la 4, ringi ya milimita 65 mpaka 80 iko sawa, kwa la 5 utafute 80 mpaka 100. Tairi pana kwenye ringi nyembamba linakuwa duara kama puto na ukitoa upepo linayumba, kwenye ringi pana linatandaa vizuri. Zile ringi zenye matundu yanayoonyesha utepe wa rangi, matundu siyo urembo tu, yanapunguza uzito.

Inayofuata watu wanaipuuza na ndo inawaliza baadae, upana wa habu. Nyuma utakutana na milimita 170 au 177, ambazo ni za fremu za tairi la 4, na 190 au 197 ambazo zinapokea mpaka la 5. Mbele kuna 135, 142 na 150. Leo 197 nyuma na 150 mbele zenye ekseli (chuma kinachopita katikati ya habu) nene ya kupenyeza ndo zimetapakaa, kwa hiyo gurudumu jipya au foki ya shokapu utaipata bila kuhangaika. Ukinunua iliyotumika ya miaka ya nyuma yenye kipimo cha ajabu, hakikisha kwanza bei imeshuka kwa sababu hiyo, na uangalie beringi za pale kranki, ile mikono ya pedali, inapopita, mchanga na chumvi vinazila vibaya sana.

Saizi ya gurudumu, ya inchi 26 ndo ya asili na ina matairi ya kila aina, ukiivalisha tairi la 4 kimo chake kinakaribia gurudumu la inchi 29 la kawaida. Ya 27.5 ni kubwa zaidi, inapita juu ya vizuizi vizuri ila uchaguzi wa matairi ni mdogo. Mimi ningebaki na 26 kama naishi mbali na maduka makubwa.

Shokapu ya mbele usiilipie mpaka uwe na njia za mawe na mashimo unazopita kwa kasi. Kwenye mchanga na theluji inaongeza uzito na sehemu za kuharibika, na zile shokapu za bei poa kwenye fatibaiki za bei poa ni mzigo wa chuma tu. Hela hiyo iweke kwenye magurudumu na kwenye kuondoa tyubu. Bila tyubu, kwa maji ya kuziba pancha, unapunguza uzito mwingi sehemu inayouma zaidi na miba midogo inajizibia yenyewe, kwa hiyo uliza kama ringi na tairi vinakubali hilo tangu mwanzo.

Giya, ya mbele moja inatosha mradi ile nyepesi ya mwisho iwe nyepesi kweli, kwenye mchanga utaililia. Breki ziwe za diski. Diski za waya ni rahisi kutengeneza porini, diski za mafuta zinashika vizuri zaidi kwa nguvu ndogo ya kidole, chagua kulingana na fundi uliye naye.

Kuna hizi za umeme zenye magurudumu madogo ya inchi 20 na kiti kirefu kama pikipiki, Uholanzi ukitaja fatibaiki vijana wanakuelewa hizo. Zina matairi manene lakini ni chombo cha mjini, siyo hiki ninachoeleza. Kama ndo unayoitaka, soma sheria ya unakoishi, Umoja wa Ulaya kwa mfano baiskeli ya umeme inahesabiwa baiskeli ikiwa na mota ya wati 250 inayoacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, ikipita hapo inahesabiwa chombo kingine.

Na siku unayoichukua, nunua na geji ndogo ya presha inayosoma kuanzia PSI 0 mpaka 15 au 30. Geji ya pampu ya kawaida haioni tofauti kati ya 5 na 8, na hiyo tofauti ndo baiskeli nzima. Anza na 8 kwenye mchanga, toa moja moja mpaka uone tairi limetandaa lakini ringi haigongi ukipanda juu ya jiwe. Kwenye baridi kali pima ukiwa nje, maana tairi ulilolijaza PSI 8 ndani ya nyumba yenye nyuzi 20 likitoka kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri linashuka mpaka chini ya 6 lenyewe. Andika namba iliyokufaa kwa kila ardhi, ya mchanga, ya njia ngumu, ya lami, na ubebe pampu ya kurudishia upepo, ile inayotoa hewa nyingi kwa msukumo mmoja, kwa sababu tumbo la hili tairi ni kubwa na pampu nyembamba ya baiskeli ya mbio itakumaliza mikono.