Kamba nzito za mazoezi: uzito wake uko kwenye wimbi

Kamba nzito ni kamba nene na ndefu inayopitishwa kwenye nguzo au kitu kingine kisichosogea, katikati yake ikabaki hapo, na mtu akashika ncha mbili, moja kila mkono. Kisha anazitikisa kwa kasi zitoe mawimbi. Hakuna cha kubeba begani wala cha kuinua juu ya kichwa, lakini nusu dakika inatosha kumwacha anayeanza akihema. Zoezi hili lilipata umaarufu katika miaka ya 2000 kupitia Mmarekani John Brookfield.

Tofauti yake na kunyanyua vyuma ni hii: chuma kina uzito uleule muda wote, na ukikishikilia tu bado kinakulemea. Kamba iliyolala chini haikudai kitu. Mzigo unauumba wewe mwenyewe kwa kuitikisa, na kila wimbi likishaondoka mkononi limeondoka na nguvu uliyolitia, hivyo linalofuata unalianza upya. Ndiyo maana moyo hudunda kama wa mtu anayekimbia huku magoti yakiwa hayapati kishindo chochote.

Kwa hiyo kipimo cha kamba inayokufaa si kilo zake. Tazama kama mawimbi yako yanafika nguzoni. Yakifia njiani, ama kamba ni kubwa mno kwako ama umechoka na ni wakati wa kupumzika.

Kamba nyingi huwa na kipenyo cha milimita 38 au 50, na urefu wa mita 9, 12 au 15. Tofauti ya milimita 12 inaonekana ndogo, ila kwa urefu uleule na malighafi ileile kamba ya 50 ni nzito kuliko ya 38 kwa zaidi ya asilimia 70, kwa sababu uzito hufuata mraba wa kipenyo. Isitoshe, unene huo huchosha viganja kabla mapafu hayajafanya kazi yoyote ya maana. Mimi ningemshauri karibu kila mtu aanze na ya 38, hata mwenye misuli. Kuhusu urefu, kumbuka kamba inakunjwa mara mbili: ya mita 15 inataka nafasi ya mita 7 na nusu, pamoja na sehemu ya kusimama. Kama eneo ni dogo, usinunue ndefu.

Kamba za nyuzi za mimea hupukutisha vumbi, hukwaruza viganja na huoza zikilowa. Za sintetiki huvumilia mvua, kwa hiyo ndizo za kutumia nje. Popote kamba inapogusa nguzo ivishwe kitambaa kigumu au mpira, maana hapo ndipo inapolika kwanza.

Unapoanza, panua miguu kwa upana wa mabega, kunja magoti kidogo, nyoosha mgongo na kaza tumbo. Wengi hukosea kwa kutikisa mikono peke yake huku mabega yamepanda hadi masikioni. Watachoka shingo kabla ya kitu kingine. Legeza mshiko, shusha mabega, acha nyonga na miguu visaidie. Usibane pumzi. Mawimbi ya kupishana, mkono huu juu na ule chini, ndiyo rahisi kujifunza. Baadaye utaweza kuinua mikono yote miwili na kuipigiza kamba chini.

Sekunde 20 za kazi kwa 40 za kupumzika, mizunguko sita hadi minane, ni mwanzo mzuri. Na kabla ya kutafuta kamba nzito zaidi, sogea hatua moja kuelekea nguzoni: kamba italegea, kipande utakachokuwa unakiinua kitaongezeka, na kamba ileile itakulemea zaidi. Ukirudi nyuma, inakuwa nyepesi. Mwenye maumivu ya bega au tatizo la moyo aonane na daktari kwanza.