Droni haina pua: vile tunafuatilia majitaka kwenye kriki za Mombasa

Malalamiko yamezidi siku hizi. Wa Tudor analia na harufu, wa Mikindani analia na samaki, na sasa kuna wale wameacha kulalamikia majitaka wanalalamikia droni, eti imekuja kuchungulia watu uani. Wacha nieleze, manake hii ndio kazi yangu ya kila siku na tunapotezeana muda bure.

Droni haioni vijidudu, tuelewane hapo kwanza. Inaona rangi ya maji na inaona joto, basi. Majitaka ya nyumbani ni maji yasiyo na chumvi kwa hivyo yakitoka kwenye bomba au mtaro yanaelea juu ya maji ya bahari, yanatandaza kama mkeka, na ukiwa juu unauona ule mkeka vizuri kuliko ukiwa ufuoni. Lakini bahari yetu yenyewe ni ya joto, tofauti ya joto ni ndogo, ndio maana tunarusha alfajiri kabla jua halijaanza kumetameta kwenye maji. Na sio kila maji meusi ni ya choo jamani! Kwenye mikoko maji hugeuka rangi ya chai kwa sababu ya majani na magome, na lile tope linanuka yai bovu hata mahali hakujawahi kukaa mtu. Halafu maji maangavu, yale unaona mpaka chini, yanaweza kuwa ndio machafu zaidi.

Ndio tunatumia na kiboti kisicho na mtu. Hicho kinabeba vipimo vya chumvi, oksijeni, amonia (dalili ya choo) na vile maji yalivyo na tope, kinapita pole pole kando ya mikoko ambapo mashua ya kawaida inakwama. Chumvi ya bahari ni kama gramu 35 kwa lita, sasa ikishuka ghafla wakati wa kiangazi tunajua kuna maji yanaingia, yanaweza kuwa chemchemi ya kwenye matumbawe na tunashukuru Mungu, lakini chumvi ikishuka na amonia ipande na oksijeni ianguke, hapo tunasimama tunachota. Vijidudu vinapimwa maabara, sampuli ikae kwenye barafu, ifike mapema, halafu siku nzima ya kusubiri viote. Hakuna njia ya mkato.

Kuhusu kuchunguliwa. Kanuni za droni za Kenya za 2020 haziruhusu kupita futi 400 kwenda juu, wala kukaribia chini ya mita 50 watu na majengo yasiyohusika, wala kuruka ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege bila kibali. Uwanja wa Moi uko pale pale Changamwe, kwa hivyo karibu kisiwa chote kiko ndani ya hiyo duara na kila safari tunaomba ruhusa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Picha ikinasa mtu anayetambulika, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatubana sisi pia. Kwa hivyo tafadhali msirushe mawe, na wewe kijana mwenye droni yako usirushe eti unatusaidia, utajiingiza mashakani.

Wengine wanauliza, mna picha, mbona hamkamati? Picha sio ushahidi wa kutosha. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka sampuli ichukuliwe na mkaguzi, ipimwe kwenye maabara iliyotangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mchambuzi atie sahihi cheti. NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo inaweza kutoa amri ya kurekebisha mazingira, na aliyepewa ana siku 21 kuomba iangaliwe upya, lakini akiomba haimaanishi amri imesimama, watu wengi hukosea hapo. Akipatikana na hatia ya uchafuzi faini haipungui shilingi milioni 2 wala haizidi milioni 5, na mahakama inaweza kumlipisha gharama za kusafisha. Katiba kifungu cha 70 inakuruhusu hata wewe kwenda mahakamani bila kuonyesha umepata hasara.

Na sio wenye hoteli na viwanda peke yao. Kuna wenye nyumba za kupangisha wameunga choo kwenye mtaro wa mvua, usiku, wakijua. Watoto wanaogelea pale mtaro unapoishia, na hili linaniuma sana.

Tunachotaka kutoka kwenu, hasa wazee wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) na kina mama mnaookota chaza, ni saa na hali ya maji. Usiniambie "kunanuka tangu zamani". Niambie Jumanne saa nne asubuhi, maji yakipwa, bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), mdomo wa mtaro ule karibu na gati. Wakati wa bamvua maji hushuka zaidi ya mita 3 na mabomba yaliyojificha yanabaki wazi, hapo kiboti kinafanya kazi. Na msituletee maji kwenye chupa ya soda iliyolala siku mbili juani, hayo maabara hawapokei.