Kwa nini macho ya swala huwaka gizani, ya nyani hayawaki?

Kwetu Mikumi mjini, wageni wakija na watoto tunajua pa kuwapeleka jioni. Wote garini, vioo juu, halafu taratibu tunashika barabara kuu kuelekea Doma. Barabara hiyo hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na anayepita tu halipi kiingilio. Magari ya watalii kule ndani hutakiwa yawe yametoka kabla ya giza. Sisi wa lami tunaendelea kupita, pamoja na malori ya Zambia.

Safari ya mwisho jua lilishazama tulipoona nukta za kijanikijani, mbilimbili, zimetapakaa nyasini. Mtoto wa kaka yangu akanishika bega: "Shangazi, wale wana tochi machoni?"

Hawana. Zima taa za gari, nukta zote zinapotea.

Mwanga ukiingia jichoni hufika kwenye retina, utando wa nyuma wenye chembe za kunasa nuru. Si wote unaonaswa, mwingine hupenya. Kwetu binadamu, uliopenya humezwa na tabaka jeusi lililo nyuma yake, habari yake ikaishia hapo. Swala, simba, fisi, ng'ombe, mbwa na paka wana tabaka jingine nyuma ya retina, linalong'aa mithili ya kioo. Wataalamu huliita tapetamu, neno la Kilatini lenye maana ya zulia (zulia gani hilo la kuakisi taa, sijui waliwaza nini). Kazi yake ni kuurudisha mwanga upite kwenye retina mara ya pili, ili chembe zilizoukosa ukiingia ziunase ukitoka. Usiku usio na mwezi, swala anamwona fisi kwa msaada wa nafasi hiyo ya pili. Kinachokufikia wewe ni masalio tu ya taa za gari lako, yanarudi kwa njia ileile yaliyoingilia.

Hiyo njia ileile unaweza kuijaribu nyumbani kwa paka. Shika tochi ubavuni mwa jicho lako, ummulike akiwa mwisho wa ua: macho yanawaka. Sasa mpe tochi mtu aliyesimama mbali nawe upande, aendelee kummulika. Paka unamwona vizuri, lakini macho yamezimika. Anayeyaona sasa ni mwenye tochi.

Zulia lenyewe lina gharama. Mwanga unaporudishwa husambaa kidogo, na picha hupoteza ukali. Nyani, ambaye shughuli zake zote ni za mchana na usiku yuko juu ya mti amelala, hana tapetamu, kama sisi tu. Nguruwe naye hana. Lakini komba, ambaye ni wa ukoo mmoja na nyani, hutembea usiku. Yeye anayo, na macho yake huwaka kama kaa la moto. Yale macho mekundu ya watu kwenye picha za harusi ni jambo jingine: flashi imemulika damu iliyo nyuma ya jicho.

Ukizoea, unamtaja mnyama kabla hujauona mwili wake. Macho yakiwa juu, usawa wa matawi, huyo twiga. Yakirukaruka mtini, komba. Jozi moja inayotazama, ikageuka, ikazimika, kisha ikatokea tena mbele kidogo, mara nyingi ni fisi. Ya chinichini, juu ya lami yenyewe, ni ya kipasuasanda, ndege asiyeondoka mpaka tairi limkaribie. Na vimetameta vidogo nyasini, mfano wa umande, usishangae vikiwa buibui.

Dereva, lakini, asiendeshe kwa kutegemea macho. Mnyama aliyekupa mgongo hawaki popote. Mwanzo wa hifadhi kuna bango la faini, kila mnyama na bei yake, na kupita hapo vibao vinataka mwendo wa chini.

Jioni ile tuliona jozi mbili tu kando ya barabara. Nikasimama. Nyati wawili wakavuka, nyuma yao wakafuata wengine saba, vichwa vimeelekea ng'ambo, hakuna hata jicho moja lililowaka. Mtoto aliwahesabu mara mbili.