Tohara ya wanaume: tunayoambiana na yaliyo kweli

Kwetu Bungoma, Agosti ya mwaka wa shufwa ni mwezi wa tohara. Alfajiri kijana hupelekwa mtoni, hupakwa matope mwili mzima, kisha hurudishwa nyumbani kwa nyimbo. Hapo husimama uwanjani mbele ya ukoo, macho ameyakaza, kope isicheze. Nami nimesimama hivyo, na siyajutii matope yale. Kinachoniuma ni maneno yanayosemwa kuhusu tohara isiyo ya tiba, yaani ile anayofanyiwa mtu asiye na ugonjwa wowote, kwa mila, kwa dini au kwa kinga. Mengi si kweli, na baadhi yake yanadhuru watu.

"Ukitahiriwa, UKIMWI haukupati."

Hili ndilo la hatari zaidi. Chimbuko lake ni majaribio matatu ya kitabibu: Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu hapa Kenya, na Rakai nchini Uganda. Kisumu waliandikishwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wakagawanywa kwa kura: nusu wakatahiriwa mara moja, nusu wakaombwa wasubiri. Katika miaka miwili ya kufuatiliwa, waliosubiri walipata maambukizi 47. Waliotahiriwa, 22.

Hiyo 22 ndiyo inayosahaulika. Walikuwa vijana waliotahiriwa na watu wenye ujuzi, wakapewa ushauri na kondomu, na bado virusi viliwapata. Hatari ilipungua kwa nusu hadi asilimia 60 hivi, kwa mwanaume anayelala na mwanamke mwenye virusi. Sababu inaeleweka: upande wa ndani wa govi ni laini na una seli nyingi ambazo virusi huzishika kwa urahisi. Lakini kupunguza hatari si kuiondoa. Mwanamke naye hapati kinga ya moja kwa moja kwa kuwa mumewe mwenye virusi ametahiriwa, na wakilala pamoja kabla kidonda hakijapona, mwanamke anaweza kuwa hatarini zaidi. Ndiyo maana kliniki husisitiza kusubiri wiki sita.

Halafu kuna jando lisilokata govi lote. Lesotho wapo wanaume wengi waliopita jandoni na govi likabaki, nusu au zima. Kupita jandoni peke yake hakuthibitishi kinga.

"Utafiti ule ni uongo wa wazungu."

Majaribio matatu katika nchi tatu yalitoa jibu lilelile. Yale ya Kisumu na Rakai yalisimamishwa Desemba 2006 kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, wakaipendekeza tohara ya hiari.

Ila utafiti huo ulijibu swali moja tu: mtu mzima, aliyeamua mwenyewe, mahali penye maambukizi mengi kati ya wanaume na wanawake. Haukuuliza kuhusu mtoto mchanga katika nchi ambako UKIMWI ni nadra. Anayeutaja kana kwamba umemaliza ubishi wote anaubebesha mzigo usio wake.

"Asiyetahiriwa ni mchafu, tena ni mtoto."

Shule ya bweni nilisoma na rafiki Mjaluo aliyekuwa akioga saa kumi usiku, peke yake, baridi ikiuma, ili sisi tusimwone. Nilikuwa miongoni mwa waliomcheka. Kwao mvulana aliingia utu uzima kwa kung'olewa meno sita ya chini, si kwa tohara, na mababu zake walikuwa wanaume kamili. Usafi nao hauna siri: ni kuvuta govi nyuma na kuosha kwa maji.

Dharau hii ina damu. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wanaume Wajaluo walikamatwa na kukatwa kwa nguvu Naivasha na Nakuru. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliyaandika. Kitendo kile hakistahili hata kuitwa tohara.

Rafiki yangu alitahiriwa baadaye, kwenye kliniki, akiwa na miaka 31. Alisoma fomu, akauliza maswali, akatia saini.

"Dini zote zinaiamuru."

Hapana. Kwa Wayahudi ni agano, siku ya nane. Kwa Waislamu msingi wake uko kwenye hadithi, si aya ya Kurani; wafuasi wa madhehebu ya Shafii, walio wengi pwani yetu, huihesabu wajibu, ilhali kwa wa madhehebu ya Hanafi ni sunna. Kwa Wakristo mitume waliliamua katika Matendo 15: watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, hawakulazimishwa.

"Wanaoipinga wanachukia dini za watu."

Wamo wenye chuki, lakini hoja yao kuu inastahili jibu: mwili ni wa mtoto, na govi lililokatwa halirudi. Mei 2012 mahakama ya Köln, Ujerumani, iliamua kwamba kumtahiri mvulana wa miaka minne kwa ajili ya dini ni kumjeruhi, hata wazazi wakiridhia. Wayahudi na Waislamu walilalamika kwa pamoja, na Desemba mwaka huohuo bunge likapitisha sheria inayowaruhusu wazazi. Madaktari wa watoto wa Marekani walisema mwaka huo kwamba faida zinazidi hatari, ila hazitoshi kuwapendekezea watoto wote. Wenzao wa Uholanzi walikuwa wamewashauri wazazi waache. Wote ni madaktari. Tofauti yao kubwa ni nani mwenye haki ya kuamua.

Na umri una uzito wa kitabibu pia. Katika mpango wa tohara ya hiari barani Afrika, majeraha ya kichwa cha uume na ya mrija wa mkojo yalionekana zaidi kwa wavulana wadogo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawalenga wenye miaka 15 na zaidi.

Mwanangu ana miaka tisa, na mjomba wake ameanza kuulizia Agosti. Nimemwambia mlango wa kwetu haujafungwa, ila tusubiri mpaka kijana aweze kusema ndiyo au hapana. Mjomba hakufurahi. Tunaendelea kuzungumza.