Ska Si Reggae ya Zamani: Someni Kabla ya Kujaza Fomu

Tangu ofisi yetu ya hakimiliki ianze kuhimiza vituo vya redio, kumbi za starehe na ma-DJ kuwasilisha orodha za nyimbo wanazopiga, fomu zinafika kwa wingi, na tunashukuru. Shida iko kwenye safu mbili tu: ya aina ya muziki na ya mtunzi. Wimbo wa ska wa The Skatalites unaandikwa "reggae", wa Millie Small "reggae", wa Madness "rock", na kwenye nafasi ya mtunzi linawekwa jina la yeyote aliyeimba. Mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo, hufuata jina lililoandikwa. Jina likikosewa, fedha hulala au humwendea asiyehusika, kisha lawama zinarudi kwenye dirisha letu.

Tuanze na ukoo. Ska haikuzaliwa na reggae, ndiyo iliyoitangulia. Iliibuka Kingston, Jamaica, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa vijana waliokuwa wakicheza rhythm and blues ya Marekani kwenye madisko ya mitaani (sound system) ya akina Duke Reid na Clement "Coxsone" Dodd. Santuri kutoka Marekani zilipoanza kuadimika na ladha kubadilika, wenye madisko hayo wakaingia studio kurekodi wanamuziki wa nyumbani. Jamaica ilipopata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, ska ndiyo iliyokuwa ikichezwa. Kufikia mwaka 1966 mwendo ulipungua kasi ukawa rocksteady, na mnamo 1968 ndipo tunapoanza kuzungumzia reggae. Anayeandika "reggae" kwenye rekodi ya 1964 amemwita babu kwa jina la mjukuu.

Kuitambua kwa sikio si kazi ngumu. Hesabu "moja na mbili na tatu na nne na": gitaa la ridhimu au piano hukata kwenye kila "na", kwa kifupi na kwa ukali. Besi hutembea bila kusimama, na mbele kabisa wapo wapulizaji, yaani tarumbeta, saksafoni na tromboni. Pale ambapo gitaa linakata vilevile lakini mwendo ni wa pole na besi imeshika usukani, hapo mmeshafika kwenye reggae.

The Skatalites wanastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu bila wao nusu ya orodha zenu isingekuwepo. Walijiunga rasmi mwaka 1964, wakavunjika Agosti 1965. Katika muda huo mfupi walipiga ala zao na pia wakawasindikiza waimbaji wengi wa Studio One, studio ya Dodd, wakiwemo vijana wa The Wailers, kundi la Bob Marley, kwenye "Simmer Down". Tommy McCook, Don Drummond, Johnny Moore na Lester Sterling wote walitoka Alpha Boys' School, shule ya watawa Wakatoliki pale Kingston, ambako mtoto wa familia maskini alifundishwa kusoma nota na kupuliza. Drummond, mpiga tromboni na mtunzi hodari, alikamatwa Januari 1965 kwa kumuua mpenzi wake, mcheza dansi Anita Mahfood. Alifariki mwaka 1969 katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Bellevue.

Sasa tuje kwenye kosa linalotuchosha. "Guns of Navarone" ya The Skatalites hawakuitunga wao. Ni muziki wa filamu uliotungwa na Dimitri Tiomkin, nao wakaugeuza ska. "My Boy Lollipop" ya Millie Small, iliyofika nafasi ya pili Uingereza na Marekani mwaka 1964, ilikuwa tayari imerekodiwa Marekani na Barbie Gaye mwaka 1956. "One Step Beyond" haikuanza na Madness. Ni ya Prince Buster, mwanamuziki wa Jamaica, na kwenye safu ya mtunzi mnapaswa kuandika jina lake halisi, Cecil Campbell.

Hata jina hilo la Campbell lisiwekwe kila mahali kwa mazoea. "Oh Carolina" iliimbwa na Folkes Brothers mwaka 1960, Prince Buster akiwa mtayarishaji, pamoja na ngoma za Kirasta za Count Ossie. Shaggy, mwimbaji wa Jamaica, alipoirudia mwaka 1993 ikashika nafasi ya kwanza Uingereza, na swali la nani aliitunga likafikishwa Mahakama Kuu ya London. Mwaka 1994 mahakama iliamua kwamba mtunzi ni John Folkes. Wenye kulipia studio enzi zile walikuwa na desturi ya kuandika majina yao kwenye lebo, na wenye madisko walikwangua lebo za santuri ili wapinzani wasijue wimbo unaitwaje. Kwa hiyo lebo ya zamani peke yake si ushahidi wa kutosha. Tafuteni namba ya ISWC, inayoanza na herufi T, kwa ajili ya utunzi. Kwa ajili ya rekodi tafuteni ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Utunzi mmoja wa ska unaweza kuwa na ISRC nyingi, na hilo si kosa la mfumo.

Tunaulizwa pia kama nyimbo hizi "zimeshakuwa za umma", yaani hazilindwi tena. Jamaica ilirekebisha sheria yake mwaka 2015, ikaongeza muda wa ulinzi kutoka miaka 50 hadi 95, na ikauhesabu kuanzia Januari 2012. Hapa kwetu, Tanzania na Kenya, utunzi unalindwa kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Prince Buster alifariki Septemba 2016, hivyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2066. Kwa Drummond hesabu hiyo iliisha mwaka 2019. Msishangilie mapema: wimbo ukiwa na watunzi wawili tunahesabu kutoka kifo cha yule wa mwisho, na haki ya rekodi inahesabiwa peke yake. Ulizeni kwanza, kwa maandishi.

Kwa anayetaka kutumia wimbo wa ska kwenye tangazo au video, leseni ya ukumbi haitoshi. Anahitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Akirekodi upya na bendi yake, ruhusa ya rekodi haihitajiki, ya utunzi inabaki palepale. Kuukuta wimbo YouTube si ruhusa, na hili tumeshalisema mara nyingi. Sheria zinataja faini, kifungo au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru nakala zikamatwe.

Bendi za Uingereza zinahitaji uangalifu wa pekee, maana zilipenda kurudia. Jerry Dammers wa bendi ya The Specials alianzisha kampuni ya rekodi ya 2 Tone mjini Coventry mwaka 1979, Weusi na Weupe wakipiga jukwaa moja wakati ubaguzi ukiwa umepamba moto. Humo walipita The Selecter wakiongozwa na sauti ya Pauline Black, The Beat wa Birmingham, na Madness, ambao hata jina lao limetoka kwenye wimbo wa Prince Buster. "Gangsters" ya The Specials imejengwa juu ya "Al Capone", pia ya Buster. "A Message to You, Rudy", ambayo The Specials waliirudia, ni ya Dandy Livingstone, ya mwaka 1967, na tromboni inayosikika kwenye rekodi zote mbili ni ya Rico Rodriguez, mwanafunzi mwingine wa Alpha. Lakini "Ghost Town", iliyoshika nafasi ya kwanza mwaka 1981 huku miji ya Uingereza ikiwaka ghasia, ni ya Dammers mwenyewe. Kwa masikio yangu hakuna ska ya Uingereza iliyoifikia.

Wamarekani wa miaka ya 1990, kama The Mighty Mighty Bosstones na Reel Big Fish, walichanganya na punk. Hao hawatusumbui sana, kwa kuwa kumbukumbu zao ziko sawa. Tokyo Ska Paradise Orchestra wa Japani na Los Fabulosos Cadillacs wa Argentina nao tunawaona kwenye orodha zenu mara chache.

Kwa The Skatalites, jazeni pia safu ya mwaka wa kurekodiwa. Bendi ilirudi pamoja mwaka 1983 na kurekodi upya baadhi ya nyimbo zake, na fomu isiyo na mwaka tutaendelea kuirudisha.