Pikapu ya hotrodi haianzi na injini

Wanaonijia na pikapu kuukuu wakitaka kuigeuza hotrodi, yaani gari la zamani lililovuliwa vya ziada na kutiwa injini yenye nguvu, huanza kunihadithia injini. Wengine wameshainunua, iko uani chini ya turubai, na hunionyesha kabureta kabla sijaliona gari lenyewe. Nami huwauliza swali ambalo huwaudhi kidogo: utalivalisha tairi za kimo gani?

Si ubishi. Kimo cha tairi huamua kitovu cha ekseli kiwe umbali gani kutoka ardhini. Ekseli huamua chesi ikae juu kiasi gani, chesi huamua injini ilale kwa pembe gani, na mlalo wa injini huamua kama propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, itazunguka kimya au itakutikisa meno. Aliyeanza na injini ameanzia mwisho, na kila kipimo kinachofuata atakuwa anabahatisha.

Hata waanzilishi wa mchezo huu walikuwa na tabia ya kuvua kabla ya kuongeza. Vijana wa kusini mwa California waliokimbiza magari kwenye sakafu za maziwa yaliyokauka, kama Ziwa Muroc, walitoa madigadi, bampa, kioo cha mbele, chochote kisichosaidia gari kwenda. Injini ya V8 ambayo Ford ilianza kuiuza mwaka 1932 ilikuwa ya lita 3.6 na nguvu za farasi 65 tu. Leo kuna magari madogo ya familia yanayoizidi. Kilo uliyoivua haili petroli, na wale vijana walilijua hilo mapema.

Basi siku ya kwanza sishiki hata spana. Napanga tairi nne sakafuni mahali zitakapokaa, zikiwa na upepo wake kamili, kisha naiweka chesi tupu katikati juu ya vipande vya mbao. Naongeza ubao, naondoa ubao, natoka nje, natazama kwa mbali. Hotrodi hupendeza pua ikiinama kidogo. Kwangu digrii 2 zinatosha. Ikizidi hapo gari huonekana kama linatafuta sindano iliyoanguka. Lakini jicho nalo lina mpaka wake. Kitu chochote cha chini ya gari, iwe eksozi, sampu ya oili au mkono wa springi, hakiruhusiwi kushuka chini ya ukingo wa rimu. Tairi ikipasuka gari hutua juu ya rimu, na kilichoning'inia chini zaidi ya hapo ndicho kitakacholima lami.

Nikisharidhika nashusha timazi kutoka kitovu cha kila ekseli hadi sakafuni na kutia alama. Chaki hufutika, kwa hiyo natoboa kitundu kidogo kwenye saruji. Kuanzia hapo kila kitu hupimwa kutoka kwenye vitundu hivyo, si kutoka kwenye bati lililopindapinda miaka hamsini.

Sasa chesi yenyewe. Pikapu nyingi za zamani zina mihimili miwili yenye umbo la herufi C. Kiwanda hakikukosea: gari la mizigo kwenye njia mbovu hufaidika na chesi inayojipinda kidogo. Ila ukiipa injini yenye nguvu mara tatu ya ile ya mwanzo, kujipinda huko hukifanya kioo cha mbele kipate ufa na milango igome kufungika. Chukua bomba la karatasi ngumu, lile linalobaki karatasi ya chooni inapoisha, ulisokote kwa mikono miwili. Linagoma. Lipasue kwa mkasi toka mwisho hadi mwisho, usokote tena. Limelegea kama kitambaa, ingawa karatasi ni ileile. Chuma nacho ni hivyohivyo: mhimili uliozibwa hukinza msokoto mamia ya mara kuliko ulio wazi wa unene uleule.

Kwa hiyo naziba upande ulio wazi kwa bamba la mm 4, na hapa ndipo watu huiharibu chesi nzima kwa siku moja. Mshono wa kuchomelea hunywea ukipoa. Ukivuta mmoja mrefu kutoka mbele hadi nyuma, mhimili utapinda kama upinde. Mimi nafunga chesi kwenye meza ya chuma, nachomelea sm 3 mbele kulia, nahamia nyuma kushoto sm 3, narudi katikati, kisha nakaa. Mpaka niweze kuweka kiganja juu ya mshono bila kukiondoa, siendelei. Kila mzunguko ukiisha napima mishazari, kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto na kinyume chake. Zikitofautiana zaidi ya mm 2 nasimama nitafute sababu. Kazi hii hunila siku nne, na sioni aibu kuisema.

(Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea. Ule moto unaweza kuigeuza kuwa fosijini, gesi iliyoua watu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tumia asetoni, subiri ikauke kabisa, na toa kitambaa nje.)

Baada ya hapo kila kipande nakishika kwa nukta tu za kuchomelea. Nukta nne, basi. Injini iliyo tupu ndani, giaboksi, rediata, kabini, kiti, usukani, eksozi, vyote vinakaa mahali pake na gari zima linasimama kwa nukta. Shemeji yangu, ambaye hunisaidia kunyanyua, hulalamika kila mara: "Shemeji, si umalizie tu?" Siku mbili baada ya kusema hivyo kwenye pikapu ya mwisho tuliyojenga, tuliona shafti ya usukani inataka kupita palepale ilipo eksozi. Nukta nne nikazikata kwa grainda kwa dakika kumi. Mshono kamili ungenila nusu siku, na chuma kingebaki na makovu.

Mbele, kama umeng'ang'ania ekseli ya kipande kimoja kama mimi, ilaze ili kingipini zake, yaani pini ambazo magurudumu hugeukia, ziegemee nyuma kwa juu, digrii 5 hadi 7. Chini ya hapo usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye kasi magurudumu yanaweza kuanza kupapatika. Na jihadhari na ujanja wa kuhamisha tai rodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) kutoka nyuma ya ekseli kuja mbele ili kuipisha sampu. Kwenye kona gurudumu la ndani linatakiwa kukata zaidi kuliko la nje. Mikono ya usukani iliyotengenezwa kwa ajili ya nyuma, ukiigeuza tu ielekee mbele, hufanya kinyume: la nje linakata zaidi, tairi zinaburuzwa na kulia hata ukiwa unaegesha.

Breki. Kwenye hotrodi masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, mara nyingi hujificha chini ya sakafu, na hapo huwa chini kuliko kalipa zinazoshika pedi kwenye magurudumu. Oili ya breki hurudi yenyewe kwa uzito wake, pedi zinajitenga na diski, na ukikanyaga mara ya kwanza mguu unakwenda hadi chini. Ukikanyaga tena inashika, kwa hiyo mtu hudhani kuna hewa, anatoa hewa wiki nzima. Dawa ni kivali kidogo kwenye bomba kinachobakiza shinikizo: psi 2 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwa diski, psi 10 kwa ngoma. Usivibadilishane, maana psi 10 kwenye diski huziacha pedi zikisugua hadi breki zinukie. Pedali isiyo na busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma, nayo iwe na uwiano wa nyenzo wa karibu 6 kwa 1. Na kwa sababu pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma, weka vali ya kupunguza nguvu ya breki za nyuma, la sivyo siku ya mvua mkia utakutangulia.

Kukata paa ili kabini iwe fupi sikupendi sana, ingawa wateja huulizia. Kwenye michoro hupendeza. Lakini nguzo za kioo cha mbele zimelala, hivyo ukitoa sm 8 ncha za juu hazikutani tena na za chini. Inabidi ulaze nguzo zaidi au upasue paa na kulirefusha. Kisha unagundua mteja ana urefu wa mita 1.90.

Gari likishasimama kamili nalivunja lote, nachomelea mishono ya mwisho, napiga rangi, nafunga upya. Hapo ndipo nilipojikwaa na ile pikapu ya mwisho. Propela ina krosi mbili, yaani viungo vinavyoiruhusu kujipinda, kimoja kila mwisho, na krosi iliyokaa kwa pembe huizungusha propela kwa kuharakisha na kuchelewesha mara mbili kila mzunguko. Ya pili hufuta kosa la kwanza ikiwa tu pembe zao zinalingana. Injini yangu ilishuka nyuma kwa digrii 3, kwa hiyo pua ya difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ilitakiwa kuinuka digrii 3. Niliipima jioni, nimechoka, gari likiwa juu ya stendi na ekseli ya nyuma ikining'inia. Springi zisizobeba uzito zilikuwa zimejikunja zaidi, na difu ilikuwa imegeuka nazo. Nikachomelea mshono kamili.

Barabarani mambo yalikuwa mazuri hadi kilomita 80 kwa saa. Hapo kioo cha pembeni kikaanza kutetemeka hadi nikaacha kuona kama nyuma yangu kuna lori au pikipiki. Nilirudi, nikapima upya gari likiwa limesimama kwa tairi zake, na nikakuta difu imeinama kwa digrii 3 nzima kuliko nilivyoandika. Sikukata kitu. Nilichomeka kabari za chuma za digrii 3 kati ya springi na makalio ya ekseli, nikakaza bolti, nikatoka tena. Kwenye 80 nikatazama kioo: lilikuwa lori, na dereva wake alikuwa amevaa kofia.