PCOS si ya dada peke yake

Binti wa Tandika au Kinondoni akikaa miezi bila kuona siku zake, na ndevu zikaanza kumchomoza kidevuni, nyumbani husikia neno moja: chango. Baada ya hapo hutajwa dawa ya kusafisha kizazi, inayoletwa na bodaboda hadi mlangoni. Mimba ikishapimwa na kukosekana, kuna jambo la kuulizia hospitali: PCOS, mvurugiko wa homoni ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa.

Dhana: Ni chango la ukoo wa mama.
Ukweli: Kwenye ukoo wamepatia, kwenye chango hapana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulikuta kwamba katika kila dada 100 wa wagonjwa, takriban 22 nao walikuwa na PCOS. Ila hakuna jeni moja la kulaumiwa, na za baba zinaingia humohumo. Anayemsema mkwewe kwa "kuleta ugonjwa" aanze kwanza na upande wa mwanawe.

Dhana: Ni mambo ya kike, kaka na baba hayawahusu.
Ukweli: Hii ndiyo inayotuumiza zaidi. Kwa wagonjwa wengi mwili hukaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kongosho likalazimika kuimwaga kwa wingi, na wingi huo ukazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Kaka hana ovari, lakini ukaidi huohuo anaweza kuurithi. Kwake hautaonekana kwenye hedhi. Utaonekana kwenye kitambi, presha, mafuta ya damu na sukari. Mama na dada nao wako kwenye hatari hiyo ya kisukari cha ukubwani. Kwa hiyo daktari akikuuliza nani kwenu ana sukari, hapigi soga.

Kipimo cha kidole cha ghafla duka la dawa kinaweza kusema uko sawa kumbe sivyo. Kinachopendekezwa kwa mwenye PCOS ni kupima ukiwa hujala, kunywa gramu 75 za glukosi, kisha kupima tena baada ya saa mbili. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unataka hali ya sukari iangaliwe upya kila mwaka 1 hadi 3, hata kwa mwembamba, maana wembamba nao wanaupata.

Dhana: Vile vivimbe vinavyoonekana kwenye ovari vikatolewe.
Ukweli: Si uvimbe. Ni vifuko vya mayai ambayo hayajakomaa.

Dhana: Hatazaa huyo.
Ukweli: Wengi huzaa, wengine kwa msaada wa vidonge vya kupevusha yai kama letrozoli. Wakishika mimba wafuatiliwe kwa karibu, kwani kisukari cha ujauzito na kifafa cha mimba huwapata zaidi.

Dhana: Vidonge vya majira vitamharibu kizazi.
Ukweli: Haviharibu. Hedhi isipokuja muda mrefu, ukuta wa mji wa mimba hunenepa na hatari ya saratani huongezeka; vidonge huulinda. Lakini mwenye presha, au ambaye mama, baba au ndugu yake wa damu aliwahi kuganda damu mguuni, amweleze daktari kabla hajaandikiwa, kwa sababu huenda akapewa njia nyingine.